Kijana Asiyependwa: Utetezi wa Wesley Crusher katika Tamthilia ya Star Trek

Ni nadra mhusika wa tamthilia ya runinga kuchukiwa na watu wale wale wanaoipenda tamthilia yenyewe. Star Trek: The Next Generation ilianza kuonyeshwa nchini Marekani mwezi wa Septemba 1987, na tangu mwaka huo wa kwanza mashabiki waliokariri kila kipindi walimtenga mhusika mmoja: Wesley Crusher, kijana aliyeigizwa na Wil Wheaton, mwana wa daktari wa chombo cha anga Enterprise. Walisema anaiokoa Enterprise mara nyingi mno, anasemasema mbele ya wakubwa, hajui kuchangamana na rika lake, na juu ya yote ni kipenzi cha mtunzi. Tuhuma hii ya mwisho ina msingi wa kihistoria. Mwasisi wa tamthilia aliitwa Eugene Wesley Roddenberry, na si siri kwamba alimpa kijana huyo jina lake la kati. Hata hivyo, asili ya jina haitoshi kuwa uhakiki. Yafaa mhusika ahukumiwe kwa matendo yake ndani ya kazi, na hapo ndipo hukumu ya mashabiki inapoanza kuyumba.

Tamthilia ya kwanza ya Star Trek, ile ya 1966 hadi 1969 ambayo msikilizaji wa Kiswahili huikumbuka kwa Uhura, afisa ambaye jina lake limetokana na neno uhuru, haikuwa na mtoto miongoni mwa wahusika wake wakuu. Chombo kilikuwa cha askari. Mwaka 1987 Roddenberry alitaka chombo kinachobeba familia, na kwa hiyo alihitaji kijana. Katika maandalizi ya mwanzo mhusika huyo aliwahi kupangwa awe msichana aitwaye Leslie kabla ya mpango kurejea kwa mvulana. Wheaton alikuwa na umri wa miaka 15 kipindi cha kwanza kilipoonyeshwa. Hadhira iliyokuwa imezoea mabaharia wa anga ikajikuta imeletewa mwanafunzi aliyevaa sweta.

Kipindi kinachotajwa sana na wanaomchukia Wesley ni Datalore, cha Januari 1988. Humo roboti Lore anajifanya ndugu yake Data na kukusudia kukitoa chombo kwa kiumbe kinachoangamiza uhai. Wesley anaugundua udanganyifu huo na kuutaja mbele ya maafisa. Nahodha Picard anamwamuru anyamaze. Mama yake anarudia amri ile ile. Agizo hilo la kumnyamazisha likawa mzaha wa kudumu miongoni mwa mashabiki, likirudiwa kana kwamba lilikuwa hukumu ya kazi yenyewe juu ya mhusika. Lakini katika kipindi hicho Wesley ndiye aliyesema kweli. Tena, kabla ya kuondoka anamkumbusha nahodha kwamba maneno yake yangesikilizwa lau yangetoka kinywani mwa afisa mtu mzima. Wanaourudia mzaha huo wamejiunga, bila kujua, na upande uliokosea.

Hapana budi kukiri kwamba waandishi wa msimu wa kwanza walimponza. Ili kijana aonekane mwerevu, maafisa wazoefu walifanywa wajinga kwa muda, na mbinu hiyo ni dhaifu popote itumikapo. Kosa hilo, hata hivyo, ni la msuko. Kumtwika mhusika kosa la msuko ni kuchanganya fani na tabia.

Kwa nini basi chuki ikamwelekea yeye? Ngano za Afrika Mashariki zaweza kusaidia hapa kuliko nadharia nyingi. Hadhira ya ngano humfurahia Sungura, na humfurahia Abunuwasi, kwa sababu werevu wao umeibwa kutoka kwa wakubwa; mdogo anapata kwa hila kile ambacho mwenye nguvu amemnyima. Wesley hana hila hata chembe. Werevu wake unabarikiwa na wakubwa hao hao. Katika Where No One Has Gone Before, cha Oktoba 1987, mgeni aitwaye Msafiri anamweleza Picard kwamba kijana huyu ana kipaji kama cha Mozart, naye Picard anampa cheo cha kaimu afisa na kiti mbele ya usukani. Sungura aliyepewa kiti na Simba si Sungura tena. Msikilizaji hana wa kumshangilia, na huishia kumwona kama mwanafunzi kipenzi cha mwalimu.

Linganisha na Data, roboti mwenye umbo la mtu. Naye hamudu adabu za mazungumzo: aulizwapo swali dogo hutoa hotuba, hadi Picard amkatize kwa kumshukuru. Hadhira ilimpenda mno. Au mchukulie Reginald Barclay, fundi mwenye kigugumizi cha woga aliyetokea katika Hollow Pursuits mwaka 1990, ambaye huwakimbia wenzake na kujificha katika dunia ya kubuni ya kompyuta. Huyu pia alipendwa. Yaelekea hadhira husamehe ugumu wa kuchangamana ukiwa wa mashine, au ukiambatana na kushindwa. Ukiambatana na kuwa sahihi, hausamehewi. (Na hapa mtetezi asifiche neno: jina la kejeli alilopachikwa Barclay, jina la mboga, lilianzishwa na Wesley mwenyewe. Aliyenyamazishwa naye alijua kukejeli.)

Ajabu ni kwamba rekodi ya Wesley ina kushindwa kwingi, ila hakukumbukwi. Katika Coming of Age, cha Machi 1988, anashindwa mtihani wa kuingia Chuo cha Starfleet. Katika The Dauphin, cha 1989, anazunguka chombo kizima akiwauliza watu wazima namna ya kuzungumza na msichana, na ushauri wao haumfai kitu. Katika Evolution, mwaka huo huo, anasinzia kwa uchovu wa masomo, na majaribio yake yanaponyoka na kukihatarisha chombo.

Lakini ushahidi mzito zaidi ni The First Duty, cha Machi 1992. Wesley, sasa mwanachuo, yumo katika kikosi cha marubani watano waliojaribu mchezo wa anga uliopigwa marufuku. Mmoja wao, Joshua Albert, amekufa. Kiongozi wao anawashawishi waliobaki wauseme uongo, na Wesley anausema mbele ya baraza. Picard anaugundua na kumpa hiari: aungame mwenyewe au afichuliwe. Anaungama, anapoteza masomo ya mwaka mzima, na anabaki chuoni miongoni mwa wenzake wanaojua alichofanya. Uzito wa kipindi hiki unatokana na miaka ile iliyodharauliwa. Mhusika mwingine yeyote angekuwa mwanachuo aliyedanganya. Huyu ni mtoto ambaye kosa lake lote, kwa madai ya mashabiki, lilikuwa kusema kweli pasipoombwa. Uongo wake wa kwanza mzito ni ule alioufundishwa na marafiki, rika lile lile ambalo alikuwa hajawahi kulimudu.

Miaka miwili baadaye, katika Journey's End, Enterprise inaagizwa kuwahamisha watu wa jamii ya Wahindi Wekundu wa Amerika kutoka sayari waliyoifanya makao, kwa kuwa mkataba wa mipaka umeikabidhi kwa dola nyingine. Wesley anawafichulia wanakijiji mpango wa kuwaondoa kwa nguvu, anakabiliana na Picard, kisha anajiuzulu chuo. Kiti kile alichopewa na Simba anakirudisha, na anaondoka pamoja na Msafiri.

Hakuonekana tena katika kipindi chochote cha tamthilia hiyo, iliyokoma Mei 1994. Mwaka 2022, Wheaton alirejea kwa dakika chache katika kipindi cha mwisho cha msimu wa pili wa Star Trek: Picard, sasa akiwa mmoja wa Wasafiri. Aliyekuja kumwalika ni Kore, msichana aliyeumbwa katika maabara na kulelewa ndani ya nyumba moja, bila rika.