Kitabu Kimoja, Mioto Miwili

Wako wasemao, na usemi huo umeenea sana katika vitabu vya tarehe, kwamba uhuru wa kunena ulizaliwa katika nchi za Kiprotestanti na kwamba Ukatoliki ulikuwa hasimu wake. Wala hawakosi ushahidi, kwani Papa Paulo wa Nne alitoa mwaka 1559 orodha ya vitabu vilivyoharimishwa, na orodha hiyo ilidumu na nguvu ya sheria hata mwaka 1966, ilhali Uingereza iliacha tangu mwaka 1695 kumlazimisha mpiga chapa kuomba idhini kwanza. Lakini mwenye insafu na atazame yaliyomsibu Jean-Jacques Rousseau.

Alizaliwa Geneva, mji wa Kiprotestanti wa Calvin, mwaka 1712. Ujanani akaingia Ukatoliki, na mwaka 1754 akairejea dini ya wazazi wake. Mwaka 1762 kilitoka kitabu chake Émile, juu ya malezi, na ndani yake alimtia kasisi wa kubuni afundishaye kwamba Mungu hujulikana kwa dhamiri na kwa kuutazama ulimwengu, pasipo haja ya miujiza. Tarehe 9 Juni Mahakama Kuu ya Paris iliamuru kitabu kichomwe na mtunzi akamatwe; tarehe 19 ya mwezi uo huo Geneva nayo ikakichoma, pamoja na kingine chake, Mkataba wa Jamii.

Tofauti ilikuwapo, ila si katika moto. Katika Ufaransa ya Kikatoliki sheria ilikuwa kali na desturi laini: Malesherbes, msimamizi wa vitabu vya ufalme, ambaye kazi yake ilikuwa kuvizuia, ndiye aliyesaidia Émile kupigwa chapa, na ofisi yake ilikuwa na ruhusa za chinichini kwa vitabu ambavyo serikali haikuthubutu kuvikubali hadharani. Rousseau mwenyewe asimulia kwamba, akikimbia, alikutana njiani na watu waliovaa nguo nyeusi, ambao baadaye aliyakinisha kuwa ndio waliotumwa kumkamata, nao wakamwamkia kwa tabasamu.

Tabasamu hilo hakuliona kwa Waprotestanti wenzake. Alijikimbiza Môtiers, kijiji kilichokuwa chini ya mfalme wa Prussia, na huko sheria haikumgusa. Bali mchungaji wa kijiji, aliyekuwa amempokea mezani pa Bwana, aligeuka dhidi yake, na usiku mmoja wa Septemba 1765 nyumba ya Rousseau ikapigwa mawe na majirani. Mahali ambapo kila muumini ni mlinzi wa itikadi ya mwenziwe, hapana afisa wa kufumba jicho.

Basi kama Waprotestanti wana fadhila katika jambo hili, na naamini wanayo, haikutoka katika upole wa mafundisho yao, bali katika kukosa kwao mamlaka moja juu ya miji yao yote. Mkataba wa Jamii, uliochomwa Geneva, ulikuwa umepigwa chapa Amsterdam, mji mwingine wa Kiprotestanti, na Marc-Michel Rey, ambaye naye alikuwa mzaliwa wa Geneva.