Mfumo Huria Katika Nchi ya Jua

Mwaka 1992, vijana waliokimbia vita vya Sudan walifika Kakuma, katika Turkana ya Kenya, na kambi ikaanzishwa. Mwaka huohuo, huko Finland, mwanafunzi Linus Torvalds aliiweka Linux, kiini cha mfumo wa kompyuta, chini ya leseni huria ya GPL. Leseni hiyo inamruhusu mtu yeyote kuinakili, kuibadilisha na kumgawia jirani.

Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alizindua Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya Linux, wenye jina lililo ndugu wa neno letu “utu”. Hadi 2011 mradi huo ulituma diski bure kwa posta. Mwaka 2004 pia, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.

Lakini Turkana, kambi ya Kakuma ilipo, ilikuwa na vikwazo vyake. Kwa miaka mingi mji wa Lodwar ulitegemea mitambo ya dizeli, mbali na gridi ya taifa, na intaneti ilikuwa haba. Mahali kama hapo panafaa mfumo unaobebwa kwenye flashi, unaojaribiwa kabla ya kusakinishwa na usiodai mashine mpya. Huko Kakuma, shule zimetumia Kolibri, programu huria inayohifadhi masomo kwenye seva ndogo ili wanafunzi wasome bila intaneti.

Kisha mwaka 2021 kampasi ya Startup Lions, iliyobuniwa na msanifu majengo Francis Kéré, ilifunguliwa kando ya Ziwa Turkana kufundisha vijana kazi za kompyuta.

Mwenye kompyuta kuukuu nyumbani asiitupe. Ahifadhi mafaili yake pembeni, aandae flashi yenye mfumo huria, kisha aiwashe kompyuta upya kutoka kwenye flashi hiyo.