Njia ya Kidato cha Tano Nyanda za Kati

Nyanda za kati hazikuchelewa kupata shule. Wamisionari wa CMS (Church Missionary Society) walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na mwaka 1927 Waanglikana wakaunda Dayosisi ya Central Tanganyika chini ya Askofu George Chambers kutoka Australia. Kilichochelewa ni masomo ya juu ya sekondari. Karibu kipindi chote cha ukoloni, Mwafrika aliyefaulu vizuri shule ya Tabora hakuwa na kidato cha tano cha kuingia nchini mwake. Njia yake ilielekea Makerere, Uganda. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, wanafunzi wa kidato cha sita Tanganyika nzima hawakufika 200, kati ya wanafunzi wa sekondari karibu 12,000. Tangu hapo serikali imezipanua nafasi za kidato cha tano na sita kwa sheria, kwa waraka na hata kwa hotuba ya bajeti. Hoja yangu ni kwamba kwa mtoto wa Chamwino au Kondoa, hatua zilizolenga kidato cha tano chenyewe zilimfaa kidogo kuliko ile iliyomsogezea kidato cha kwanza.

Tuanzie Kongwa. Pale palikuwa na shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, iliyozaliwa mwaka 1948 pamoja na mradi wa Waingereza wa kulima karanga na kuendelea hadi 1958, miaka kadhaa baada ya karanga zenyewe kushindikana. Watoto walisafirishwa kutoka pembe zote za Tanganyika kuja kusoma katikati ya Ugogo, na mtoto wa Kigogo aliyechunga ng'ombe jirani hakuruhusiwa kukaa dawati moja nao. Sheria ya elimu ya 1961, iliyoanza kutumika Januari 1962, ilifuta ubaguzi huo, na ilipaswa kuufuta. Ila haikuongeza vitanda bwenini. Sheria ya 1969 nayo iliziweka shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku mikononi mwa serikali, ili dini ya mzazi isiwe kigezo. Alliance ya Dodoma, shule ya muungano wa makanisa ya Kiprotestanti, ikaja kuitwa Mazengo, kwa heshima ya mtemi maarufu wa Mvumi. Jina likawa la Ugogo, orodha ya wanafunzi ikawa ya taifa.

Kuna watakaosema hilo ndilo lililokuwa lengo, na kwamba kumpeleka Mhaya Dodoma na Mgogo Moshi ndiko kulikotujengea nchi isiyoulizana kabila. Nakubali, na sioni sababu ya kuurudisha mfumo wa kila mkoa na shule yake. Tatizo halikuwa upangaji. Kijana wa nyanda za kati alikuwa ameshatolewa kwenye mbio kabla ya kupangwa. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilitaka shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika yenyewe, kwa kuwa wengi wangeishia pale. Azimio la Musoma la 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikamlazimisha mzazi kumwandikisha mtoto na kumpeleka. Sekondari haikupewa sharti kama hilo, na nafasi zake zilibanwa kwa makusudi, eti nchi izalishe wasomi kwa kadiri ya ajira zilizopangwa. Mgawo wa nafasi kimkoa ulipunguza dhuluma, lakini uligawa kitu kidogo mno. Darasa la saba ndipo wengi walipokwamia.

Kilichobadilisha hali ni Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulioanza 2004, na agizo la kila kata kuwa na sekondari yake. Kufikia 2010 nchi ilikuwa na shule za sekondari zaidi ya 4,000, na mwanafunzi wa Bahi au Mpwapwa aliweza kusoma kidato cha kwanza akitokea nyumbani. Wapinzani wa shule za kata wana ushahidi mzito: katika mtihani wa kidato cha nne wa 2012, karibu asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja la sifuri, mpaka serikali ikaamuru matokeo yapangwe upya. Aibu ile ilikuwa ya kweli. Lakini ilionyesha kwamba walimu na maabara havikufuatana na majengo. Haikuonyesha kwamba watoto wale hawakustahili kuandikishwa. Anayetaka turudi kwenye shule chache bora anasahau ubora huo ulipatikanaje: kwa kuwaacha wengi nje ya hesabu.

Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa 2016, na ya kidato cha tano na sita katika bajeti ya 2022/23. Katika bweni la serikali ada hiyo ya mwisho ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka, na kwa mkulima wa mtama ambaye mvua imemkataa hizo si pesa ndogo. Hata hivyo soma fomu ya kujiunga anayopewa aliyechaguliwa: godoro, shuka, ndoo, fyekeo, rimu ya karatasi, sare, michango. Nauli haimo, ingawa shule inaweza kuwa mikoa mitatu mbali.

Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi, yaani michepuo ya masomo ya kidato cha tano na sita, hadi 65. Ni nyingi, na nyingine zilihitajika. Lakini kwa sekondari ya kata isiyo na mwalimu wa fizikia, PCM (fizikia, kemia na hisabati) na PCB (fizikia, kemia na baiolojia) zinaamuliwa mapema zaidi, kidato cha tatu, pale mwanafunzi anaporuhusiwa kuacha fizikia na kemia, na karibu darasa zima linaziacha.