Hadubini inayopapasa: Kutoka kiondo cha Mbeere hadi kani za atomi

MWALIMU mmoja wa sayansi kutoka Runyenjes, Embu, aliniuliza majuzi: je, ni sawa kuita ‘hadubini’ chombo kinachosoma umbo la kitu kwa kukigusa, si kwa kukitazama? Swali zuri. Jibu lake limo katika historia.

Hebu tuanzie kwenye kiondo. Msusi wa Mbeere au Tharaka husokota nyuzi za mkonge pajani hadi apate uzi mrefu. Ndani ya mkonge mna selulosi, yaani molekuli za glukosi zilizoungana kama mnyororo. Mnyororo wa namna hiyo ndio polima. Neno hilo lilibuniwa mwaka 1833 na Berzelius wa Uswidi, japo kwa maana tofauti na ya leo, kutokana na maneno ya Kigiriki ya ‘nyingi’ na ‘sehemu’. Mjerumani Hermann Staudinger alipoeleza mnamo 1920 kwamba minyororo hiyo ni mirefu ajabu, wenzake wengi walimpinga. Mwaka 1953 alitunukiwa Nobeli.

Sasa fikiria uzi mmoja, nusu mweupe, nusu mweusi, na rangi hizo hazipatani. Zingependa kutengana, lakini zimefungwa pamoja, zitakimbilia wapi? Basi hujipanga: matabaka, nguzo au matone yenye upana wa makumi ya nanomita. Hiyo ndiyo kopolima ya vipande. Baadhi ya soli za viatu hutengenezwa hivyo: matone magumu ya polistirini yaliyoshikilia mpira laini.

Hadubini ya kawaida haiyaoni, kwani mawimbi ya mwanga ni mapana kuliko matone hayo. Mnamo 1981, Gerd Binnig na Heinrich Rohrer waliunda karibu na mji wa Zurich chombo cha kuchunguza atomi kwa ncha kali, ila kilihitaji kitu kinachopitisha umeme. Polima nyingi hazipitishi. Mwaka 1986, Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber wakaleta dawa: ncha ya almasi juu ya kijibamba cha dhahabu, ikipapasa kama kidole cha kipofu kwenye maandishi ya nukta. Baadaye ncha ikafundishwa kugongagonga badala ya kuburura. Ikawa haikwaruzi polima laini, na ikatofautisha kigumu na kiteketeke.

Turudi kwa mwalimu. Jina la Kiingereza nalo linatokana na ‘kutazama’ kwa Kigiriki, na hakuna aliyelitupa. Neno hupanuka kadiri kazi inavyopanuka. Ninaloshauri ni tusiseme ‘nguvu’, neno linalobeba mengi mno, ilhali wanafizikia wa Kiswahili wana ‘kani’. Basi tuseme: hadubini ya kani za atomi.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi, lakini darasani sayansi bado husomwa kwa Kiingereza. ‘Kiondo’ tulikipokea kutoka lugha za bara bila kuona haya. ‘Polima’ na ‘nanomita’ zina kosa gani?