Diski pacha zilivyogeuka wapagazi

Mwaka 1976 benki ya Citibank ya Marekani ilipokea kompyuta ya kwanza ya Tandem, kampuni changa ambayo James Treybig na wenzake walikuwa wameianzisha California miaka miwili kabla. Ndani ya mtambo huo hakuna kiungo muhimu kilichoachwa peke yake. Prosesa zilikuwa mbili au zaidi, na diski iliweza kuwekewa pacha: kilichoandikwa kwenye moja kiliandikwa pia kwenye ya pili. Diski za enzi hizo zilikuwa mashine nzito zenye mota na sahani zinazozunguka mchana na usiku, na zilikufa bila kuaga. Ikifa moja, karani wa dirishani hakujua lolote.

Tatizo lilikuwa bei. Mteja alinunua diski mbili akapata nafasi ya moja. David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipochapisha mwaka 1988 makala yao ya RAID, yaani njia za kuunganisha diski nyingi ndogo zifanye kazi kama moja, waliiweka mbinu ya pacha katika ngazi ya kwanza, wakaeleza kuwa ndiyo ghali kuliko zote, kisha wakaonyesha jinsi ya kulinda data kwa diski chache zaidi. Hesabu yao ilikuwa sahihi. Ila wenye benki walikuwa na hofu nyingine ambayo hesabu hiyo haikuigusa: jengo zima likiungua je?

Jibu lililovuma lilitoka Massachusetts. Kampuni ya EMC ilikuwa imeingia sokoni mwaka 1990 na Symmetrix, kabati lililosheheni diski ndogo za bei nafuu, likashindana na diski kubwa za IBM. Mwaka 1994 ikaleta SRDF, programu iliyounganisha makabati mawili yaliyo katika majengo tofauti. Kompyuta inapoandika kwenye kabati la kwanza, kabati hilo hulipelekea la pili nakala, husubiri lithibitishe kwamba limepokea, ndipo huiambia kompyuta kuwa kazi imekwisha.

Kusubiri huko ndiko kunakouma. Mwanga husafiri ndani ya fiba kwa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 kati ya majengo hugharimu kama milisekunde moja ya kwenda na kurudi. Kwa muamala mmoja si kitu. Kwa benki inayoandika maelfu kwa sekunde, ni foleni. Kwa kipimo hichohicho, kati ya Nairobi na Ujerumani, ambako mitambo ya M-Pesa ilikaa hadi ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015, hazipungui milisekunde 60. Masafa kama hayo huwalazimu wahandisi kuacha pacha wa mbali achelewe kidogo, na kukubali kwamba maafa yakitokea, sekunde za mwisho za kazi huenda zikapotea.

Tarehe 11 Septemba 2001 swali la jengo lilijibiwa kwa namna ambayo hakuna muuza diski angethubutu kuitumia katika tangazo. Cantor Fitzgerald, iliyokuwa katika ghorofa za juu za mnara wa kaskazini wa World Trade Center, ilipoteza watu 658. Mtandao wake wa kuuzia hati fungani, eSpeed, ulikuwa na kituo pacha cha data huko Rochelle Park, New Jersey. Soko la hati hizo lilipofunguliwa tena Septemba 13, mtandao ulikuwa tayari. Data ilinusurika; waliokuwa wakiijua kazi yenyewe, wengi wao hawakunusurika.

Pacha pia ana utiifu wa kijinga: ukifuta kwa makosa, naye anafuta. JournalSpace, huduma ya shajara za mtandaoni, ilitegemea diski pacha kama akiba yake pekee. Data ilipoandikwa juu yake na kuharibiwa, iliharibika kwenye diski zote mbili, na mapema 2009 huduma ikafungwa.

Wakati huo pacha alikuwa ameshapewa kazi nyingine. Kwa miaka mingi kuhamisha data kulimaanisha kusimamisha kazi. Kabati la zamani likijaa, mafundi walisubiri Jumamosi usiku, wakazima programu, wakamimina kila kitu kwenye tepu, wakakipakia upya kwenye mtambo mpya, huku wakiomba Jumatatu isiwakute katikati. Data iliongezeka mwaka hadi mwaka. Usiku wa Jumamosi haukurefuka.

Mlinzi akafanywa mpagazi. Unaiwekea voliumu, yaani sehemu ya hifadhi ambayo kompyuta huiona kama diski moja, pacha kwenye kabati jipya, unamwacha ajazwe wakati kazi inaendelea, na wakishalingana unamkata yule wa zamani. Linux, iliyopata kisimamizi cha voliumu cha Heinz Mauelshagen mwaka 1998, ina amri ya pvmove ambayo kwa nje huonekana kubeba tu, ilhali ndani huunda pacha wa muda.

Wengine walifika hapo kwa kuzunguka. VMware ilipotoa Storage VMotion mwaka 2007, ya kuhamisha diski za mashine pepe zikiwa kazini, haikutumia pacha. Toleo lililofuata lilinakili diski nzima, likarudia sehemu zilizobadilika, kisha zilizobadilika wakati wa kurudia. Mashine iliyoandika kwa kasi kuliko kunakili ilikuwa mwendo usio na kituo. Mwaka 2011, katika vSphere 5, wahandisi waliachana na mbio hizo: diski inapitiwa mara moja tu, na kila kinachoandikwa kwenye sehemu iliyokwisha kupitiwa hupelekwa pande zote mbili. Kabati jipya likigoma njiani, nakala nusu hutupwa na mashine huendelea kwenye diski yake ya zamani.