Akili mnemba katika biashara ya korosho: Masasi na Newala zianzie wapi?

WENYEJI wa Masasi na Newala hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa mitambo iliyonunuliwa kabla ya kazi yake kuhakikishwa. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Kwa kutegemea mavuno ya namna hiyo, viwanda vikubwa vya kubangua vilijengwa kwa mikopo ya nje mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, vikiwamo vya Masasi na Newala. Hata hivyo, wakati vinakamilika mavuno yalikwisha kuporomoka kutokana na wakulima kuhamishiwa mbali na mashamba yao, bei ndogo na ugonjwa wa ubwiriunga. Msimu wa 1986/87 yalikuwa chini ya tani 20,000. Viwanda vingi vilisimama, na baadhi viligeuzwa maghala.

Historia hiyo inafaa kukumbukwa leo, wakati vyama vya ushirika, wabanguaji na wafanyabiashara wanashauriwa kutumia akili mnemba, ambayo wengine huiita akili bandia. Chombo chenyewe kina manufaa. Hasara hutokea pale kinaponunuliwa kwanza na kazi yake kutafutwa baadaye.

Akili mnemba ni nini?

Ni programu za kompyuta zinazojifunza kutokana na mifano mingi, badala ya kufuata tu kanuni zilizoandikwa moja baada ya nyingine. Ikumbukwe kwamba si kila kinachofanyika kwa kompyuta ni akili mnemba. Korosho ghafi zilianza kuuzwa katika msimu wa 2024/25 kwa mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), lakini kuuza kwa njia ya mtandao peke yake hakuhitaji akili mnemba. Kujua tofauti hiyo humwepusha mnunuzi kulipia jina badala ya kazi.

Tatizo moja kwanza

Hatua ya kwanza ni kuchagua tatizo moja linalopimika. Chama cha msingi kilicho chini ya TANECU, inayohudumia Tandahimba na Newala, au chini ya MAMCU, inayohudumia Masasi, kinaweza kuanza na maswali ya wanachama: mzigo wangu umefika ghala kuu, umeuzwa mnada upi, malipo yametoka? Mbanguaji anaweza kuanza na kupanga kokwa, kwa kuwa kamera iliyofundishwa inaweza kutenganisha nzima na zilizovunjika, nyeupe na zilizoungua. Kabla ya kununua chochote, aandike kazi hiyo sasa inachukua saa ngapi na inaleta makosa mangapi. Bila hesabu hiyo hatajua kama amepata faida.

Daftari kabla ya mashine

Hatua ya pili ni kumbukumbu. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika katika korosho mwaka 2007, kila mzigo unapaswa kuwa na karatasi inayoonyesha uzito na daraja. Karatasi hizo ni mali. Lakini jina la mkulima mmoja likiandikwa kwa namna tatu, au uzito wa chama ukitofautiana na wa ghala kuu, mashine haitarekebisha kosa hilo. Italirudia kwa kasi zaidi. Katika hali hiyo, karani makini na jedwali la kawaida la kompyuta vinaweza kutosha kwa msimu mzima.

Ijaribiwe hapa hapa

Mfano mzuri unatoka kwenye muhogo, zao ambalo pia hulimwa katika uwanda wa Makonde. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulitumia picha 2,756 za majani ya muhogo zilizopigwa karibu na Bagamoyo kuifundisha kompyuta kutambua magonjwa na wadudu, na ilipata usahihi wa asilimia 93 kwa picha ambazo haikufundishwa nazo. Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyozaa Nuru, programu ya simu inayoweza kufanya kazi shambani bila intaneti. Hata hivyo, utafiti mwingine wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa modeli ilipojaribiwa ndani ya simu shambani, usahihi ulipungua, hasa dalili za ugonjwa zilipokuwa hafifu.

Kwa hiyo muuzaji anayeleta mashine ya kupanga korosho aombwe kuijaribu kwa korosho za Newala, mbele ya wapangaji wazoefu, na matokeo yao yalinganishwe. Aidha, programu za maongezi zinazojibu kila swali hazifai kuaminiwa kuhusu bei bila kuhakikisha. Zinaweza kutoa jibu la uongo kwa lugha fasaha. Bei ithibitishwe kwa Bodi ya Korosho au chama kikuu.

Nani atawajibika?

Uamuzi unaogusa fedha za mkulima, kama vile daraja, makato na malipo, usiachiwe mashine peke yake. Awepo mtu anayejulikana kwa jina na cheo, ambaye mkulima anaweza kumwendea, na mwenye mamlaka ya kusahihisha. Mkulima asiyeelewa makato yake na asiyepata wa kumuuliza ni rahisi kurudi kwa wanunuzi wa kangomba, wanaochukua korosho zake kwa bei ya kutupa.

Vilevile, majina, namba za simu na akaunti za benki za wanachama zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kunakili orodha ya wakulima na kuiweka katika programu ya kigeni isiyo na mkataba ni kuhatarisha watu hao na chama chenyewe.

Mwisho, jaribio liwe la msimu mmoja, kwa gharama ambayo biashara inaweza kuipoteza bila kuyumba. Msimu ukiisha, hesabu mpya ilinganishwe na ile ya mwanzo. Ikiwa muda na makosa vimepungua, kazi ipanuliwe. Ikiwa havikupungua, isimamishwe mapema, kabla mitambo mingine haijabaki kukusanya vumbi.