Kutafuta cheti cha ndoa ya wazee pale mipaka ilipobadilika: mwongozo kwa familia za Kasongo na Kabambare

Katika Ezra 2 na Nehemia 7 tunasoma habari za familia zilizorudi kutoka Babeli, zikatafuta majina yao katika vitabu vya ukoo wasiyaone. Jambo hilo si la zamani tu. Hapa Lusangi na katika vijiji vingine vya Kasongo na Kabambare, mjane anaombwa aonyeshe kwamba aliolewa kwa halali, ao watoto wanagombania shamba la baba, na mtu wa ofisi anajibu: "Hapa hatuna kitabu hicho."

Mara nyingine kitabu kiliungua kweli, maana vita vya 1964 na vile vya tangu 1996 viliharibu makaratasi mengi. Lakini mara nyingine kinatafutwa mahali pasipo pake. Kijiji hakikuhama, ofisi ndizo zilihama, na karatasi hufuata ofisi. Basi swali la kwanza si "Kijiji chetu kiko wapi leo?" bali "Mwaka wa ndoa ile, kijiji chetu kilikuwa chini ya nani?"

Mipaka na majina kwa miaka

Mbele ya 1933, distrikti ya Maniema ilikuwa ndani ya Province Orientale, iliyotawaliwa kutoka Stanleyville (leo Kisangani). Mwaka 1933 ikawekwa katika jimbo jipya la Costermansville, yaani Bukavu ya leo. Mwaka 1947 jimbo hilo likaitwa Kivu. Kati ya 1962 na 1966 Kivu iligawanywa, Maniema ikawa jimbo kwa muda mfupi, kisha ikarudishwa Kivu. Tarehe 20 Julai 1988 Kivu iligawanywa tena, na Maniema ikawa jimbo lenye makao yake Kindu. Kwa hiyo barua ya jimbo ya 1980 juu ya mtu wa Kabambare itatajwa chini ya Kivu na Bukavu, si Maniema na Kindu.

Mwaka 2015 Maniema haikuguswa, lakini Katanga iligawanywa, na jirani zetu wa Kongolo wakawa wa jimbo la Tanganyika. Mama aliyetoka Kongolo, makaratasi yake ya zamani yatasema Katanga, ao Shaba ikiwa ni ya wakati wa Zaïre. Tena wakati huo mtaa (territoire) uliitwa "zone", na sekta ao shefri iliitwa "collectivité". Ukiona "Zone de Kabambare", ni mtaa uleule.

Majina ya watu pia yalibadilika. Mwaka 1972 serikali ilikataza majina ya kikristo. Mzee aliyebatizwa Petro mwaka 1958 anaweza kuonekana katika kitabu cha 1975 kwa jina la babu yake tu. Andika kwanza majina yote ambayo mtu aliitwa, ndipo uende ofisini.

Mahali pa kutafuta

1. Nyumbani. Fungueni masanduku ya wazee. Kitambulisho cha wakati wa Wabelgiji, kadi ya ubatizo, ao karatasi ya mali iliyotolewa inaweza kutaja jina la bibi, kijiji na mwaka.

2. Etasivili ya sekta ao shefri. Huko ndiko ndoa huandikwa. Ulizeni kwa jina la sasa na kwa jina la zamani, na muangalie pia sekta jirani.

3. Tribinali. Akti haiandikwi kwa nakala moja tu. Ikiwa kitabu cha sekta kiliungua, ulizeni kwenye greffe ya tribinali iliyosimamia sekta hiyo mwaka ule.

4. Kanisa. Misheni za Kiprotestanti ziliungana katika Église du Christ mwaka 1970, na kila misheni ikawa "communauté". Kitabu cha kabla ya mwaka huo kina jina la misheni. Hata CEPAC ya leo iliitwa CEPZA wakati wa Zaïre. Kwa Wakatoliki, Kasongo ilikuwa vikariati tangu 1952, ikawa jimbo la askofu 1959. Ndoa ya zamani zaidi itafutwe katika kitabu cha misheni yenyewe. Na ndugu zetu Waislamu ni wengi Kasongo, basi msiache kumuuliza imamu.

5. Kazi ya mzee. Kama alikuwa mtumishi wa reli ya CFL, ao wa Symétain kule Kalima, jina la bibi na watoto linaweza kuwa katika faili yake ya kazi.

Hati za ukoloni zilizoko Bruseli zinafaa zaidi kujua mipaka ya sekta ilikuwaje. Msitegemee kuona humo majina ya bwana na bibi.

Kama hakuna kitu

Sheria ya Familia ya 1 Augusti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inakubali ndoa iliyofungwa katika familia kwa desturi, lakini inaagiza iandikishwe kwenye etasivili. Ibada ya kanisa peke yake haitoshi mbele ya Leta. Pale akti inapokosekana, tribinali inaweza kutoa hukumu ya kuziba pengo (jugement supplétif). Leteni mashahidi wa pande zote mbili, zaidi wale waliopokea mali, na kila karatasi ndogo mliyoipata. Msingoje mpaka mzee wa mwisho azikwe.

Nasi wachungaji tuna kazi. Kila ndoa tunayobariki, tuandike kijiji, sekta, mtaa na jimbo kama vinavyoitwa siku hiyo, majina yote ya bwana na bibi, majina ya baba zao na ya mashahidi. Nakala moja ibaki parokiani, nyingine iende kwenye makao ya communauté. Halafu tuwaongoze maarusi mpaka kwenye etasivili.

Zile familia za Ezra ambazo vitabu vyao havikuonekana hazikufukuzwa katika taifa. Makuhani kati yao waliwekwa kando mpaka neno lao liamuliwe. Mjane asiye na karatasi naye asifukuzwe nyumbani mwake wakati sisi tungali tunatafuta.